Swila Katika Makumbi ya Bi Mize

Simu ya kuniarifu kuwa Bi Mize amefariki ilinikuta mbele ya kompyuta, naandika makala juu ya umuhimu wa elimu ya sayansi vijijini. Ni aina ya makala ninayoiandika kwa urahisi, kama mtu anayemenya ndizi. Niliifunga kompyuta nikiwa katikati ya sentensi, na mpaka leo sentensi ile haijamalizwa, wala sidhani kama kuna msomaji aliyeikosa. Nilifika kijijini kwake, Ole, maiti imeshazikwa. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake, wamekaa mikekani mpaka barazani, na siku ya hitima masufuria ya pilau yakapandishwa mekoni uani, nami nikaambiwa nipitishe kuni. Nikaenda penye tita. Nikalipiga teke mara tatu, nikarudi nyuma hatua mbili, nikangoja. Binti mmoja wa ukoo akacheka mpaka akashika ukuta. "Anti Rukia, unabisha hodi kwa kuni?" Nikamwambia ndiyo, na yeye abishe. Akageuka kumtafuta mtu wa kucheka naye, akamkuta Zuwena, mtoto wa marehemu, amekaa na ungo wa mchele mapajani. Zuwena hakucheka. Alinitazama kidogo, kisha akarudi kwenye mchele wake.

Jicho la kushoto la Zuwena lina doa jeupe, dogo, kiasi cha punje ya mchele iliyokatika. Wageni hudhani ni mtoto wa jicho. Doa lile nililitia mimi, kwa maneno manne niliyoyasema nikiwa na umri wa miaka kumi na saba, na Bi Mize aliingia kaburini bila ya kuyasikia kutoka kinywani mwangu. Nina shahada mbili. Nimewahi kusimama mbele ya ukumbi wa watu wazima nikawafundisha namna ya kusema ukweli kwa maandishi. Lakini maneno yale manne sikuyapatia nafasi, au ndivyo nilivyokuwa nikijiambia.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo. Kwa nini nilingojea Ole kwa Bi Mize, mama yangu mkubwa, badala ya kwetu Wawi ni habari ndefu yenye watu wengi, na baadhi yao bado wako hai, tuiache. Nyumba ilikuwa ya udongo na mawe, vyumba vitatu, na paa la makuti ambalo mchana lilitoa vumbi na magharibi lilitoa sauti. Mimi na Zuwena, ambaye tulikuwa hirimu moja, tulilala chumba cha kati, kisichokuwa na dirisha ila tundu la ukubwa wa sahani. Chumba cha mbele alilala Bi Mize pamoja na kuku wake wanaoatamia, kila mmoja na tenga lake chini ya kitanda, kwa sababu nje, alisema, hata mayai yana wezi. Chumba cha tatu kilikuwa cha karafuu kavu na mpunga, yaani cha panya. Uani palikuwa na banda la jiko, na ubavuni mwa banda, limeegemea ukuta, lundo la makumbi, maganda ya nazi ya kuwashia moto, lililonifika kifuani. Nikiitazama sasa nyumba ile naona tulikuwa tumeandika barua ya mwaliko: mayai chini ya kitanda, panya chumbani, na makaazi ya bure nje ya mlango wa jiko.

Bi Mize alikuwa na masharti yake juu ya nyoka, na aliyatoa yote kwa sauti moja, bila ya kutenganisha. Ikishaadhiniwa magharibi usimtaje kwa jina lake, mwite mdudu. Usitie mkono mahali ambapo jicho halijatangulia. Usipige mluzi ndani ya nyumba. Kanga ikianguka chini, ikung'ute kabla ya kuivaa. Mtu mwenye hedhi asiruke kamba. Makumbi yabishie kwa fimbo kabla ya kuyachukua, kisha ngoja, kwa sababu aliyemo ndani anahitaji muda wa kuondoka. Mimi, niliyetoka skuli na somo la bayolojia, niliyasikiliza yote hayo kwa tabasamu la mtu anayesubiri matokeo mazuri. Kwa kuwa mluzi na kamba vilinichekesha, fimbo nayo nikaitupa humo humo. Nilikuwa na daftari. Nilikuwa nimechora ndani yake jaduweli lenye safu mbili, wenye sumu na wasio na sumu, nikanakili kutoka kitabu cha skuli na kutoka kwa Mzee Faki, jirani yetu, mpanda mikarafuu aliyekuwa ameona nyoka wengi zaidi ya kitabu chochote. Ukukwi, kijani, mwembamba, hana sumu. Nyoka wa nyumba, kahawia, hana sumu, anakula panya, asiuawe. Swila, ana sumu, hutema machoni. Nilimwomba Mzee Faki anieleze swila akoje, akanieleza kwa utaratibu, nami nikaandika mstari mmoja na kumkata kauli, kwa sababu nafasi katika jaduweli ilikuwa imekwisha.

"Swila hamfukuzi mtu," Mzee Faki alinambia bado akiendelea. "Ukimwachia njia, anakwenda zake. Ukimziba, ndipo unamjua. Na yule halengi mguu, mwanangu. Analenga kinachong'aa usoni pako."

Nilikuwa mwoga, na hilo ndilo lililonifanya nijifanye mtaalamu. Baada ya isha Bi Mize na Bi Mboja, mwanamke wa nyumba ya pili, hukaa barazani na kuzungumza, na sisi tuliolala chumba cha kati tuliyasikia yote kupitia ukutani. Bi Mboja alikuwa hodari wa kuhadithia misiba. Alikuwa na mtu wake wa Kiuyu aliyeumwa mguuni akichimba muhogo. Ndugu zake wakamfunga kamba chini ya goti, wakakaza mpaka mguu ukawa mweusi, wakamchanja kwa wembe, wakambandika jiwe, wakamsomea, na siku ya pili ndipo wakampeleka hospitali, na huko mguu ukaondoshwa. "Nyoka gani huyo!" Bi Mboja akasema. "Nyoka alimuuma tu," akajibu Bi Mize. "Mguu, waliomkata ni ndugu zake." Kisha wakaanza habari ya bei ya vitunguu. Mimi nilibaki macho wazi, nasikiliza makuti ya paa, nimekunja miguu mpaka kidevuni, nimeshawishika kabisa kuwa kitu kirefu kinateremka juu ya boriti. "Umelala?" nikamnong'oneza Zuwena. "Nimelala," akasema, "na nyoka wako naye kalala. Weye tu."

Katikati ya Shaabani, asubuhi, nilikuwa nafagia uani nikaona mkia. Ulikuwa wa kahawia iliyochanganyika na kijivu, mnene kuliko kidole gumba changu, unaingia ndani ya lundo la makumbi pole pole, bila haraka, kama mtu anayeingia kwake. Nilisimama na ufagio mpaka ukamalizika. Kijasho kilinitoka, na pamoja na kijasho furaha fulani ya kijinga, kwa sababu hatimaye nilikuwa na kitu cha kutafuta daftarini. Nikaenda nikatafuta. Kahawia, karibu na nyumba. Nikamwita Zuwena.

"Kichwa chake umekiona?" akaniuliza.

"Kichwa cha nini? Rangi inatosha."

"Tumwambie Mama."

Hapo nilifikiri kwa haraka, na kila nilichofikiri kilikuwa cha uvivu. Bi Mize angemwita Mzee Faki, ambaye alikuwa ameshalalamika kuwa lundo limekaribiana mno na jiko. Lundo lingehamishwa, na wahamishaji tungekuwa sisi wawili, kazi ya siku tatu, na mfungo huo unabisha. Zuwena naye alikuwa ameshaposwa, harusi imewekwa baada ya Idi, na viganja vyake alikuwa anavitunza kama vyombo vya kigeni.

"Umwambie ili tubebe makumbi mpaka Ramadhani?" nikamwambia. "Huyu hana neno, shoga. Anakula panya. Anatufanyia kazi."

Zuwena akaliangalia lundo, akaniangalia mimi, akaliangalia daftari. Nadhani daftari ndilo lililomshinda. Kwa siku chache aliendelea kuyabishia makumbi kwa fimbo kama alivyofundishwa, na kila akibisha, mimi nilikuwa nikijibu kutoka jikoni kwa sauti nzito ya kiume: "Karibu! Nani mwenzangu?" Alicheka, akanitukana, akabisha tena. Siku nyingine akabisha mara moja tu. Kisha akaacha, na fimbo ikatiwa motoni kupikiwa chai.

Ilikuwa ndani ya kumi la kwanza la Ramadhani, baada ya alasiri, ule wakati ambapo njaa imeshapita na kiu ndiyo iliyobaki. Nilikuwa juu ya mbuzi nakuna nazi ya muhogo. Harufu ya samaki wa kukaanga kutoka kwa Bi Mboja ilikuwa inaingia bila ya ruhusa. Zuwena alichukua pakacha akatoka kwenda kuchukua makumbi. Nilisikiliza kama atabisha. Hakubisha, na kimya kile, Mungu anisamehe, nilikihesabu kuwa ni ushindi wangu. Kisha nikasikia makumbi yanaporomoka, na sauti kama ya mtu anayetema ganda la ukwaju, fupi, kavu. Kisha Zuwena akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia tena, na siutaki.

Nilifika mlangoni mwa banda nikasimama. Alikuwa amepiga magoti, mikono imefunika uso. Mbele yake, kwenye lundo, kichwa kilikuwa kimesimama juu kiasi cha goti la mtu, na shingo imetandazwa, pana kama kiganja. Koo lake lilikuwa la rangi ya waridi lenye mikanda myeusi. Niliiona mikanda ile kwa uwazi wa kutisha, na nikakumbuka kwamba Mzee Faki aliitaja, na kwamba nilimkata kauli alipoitaja. Sikupiga kelele. Sikusogea. Nazi ilikuwa bado mkononi mwangu. Mtu mwenye akili angeirusha, au angekimbia. Mimi niliishika vizuri zaidi.

"Usijifute!" Sauti ilikuwa ya Bi Mize, aliyekuwa ametoka kwenye mswala, kanga ya sala bado kichwani. "Zuwena, usijifute macho! Rukia, usimtazame! Vuta kanga usoni, rudi nyuma, mwache apite!" Akaja kwa nyuma ya Zuwena, ameinamisha uso chini, akamkamata gauni mgongoni, akamburura kinyumenyume mpaka ukumbini kama mtu anayevuta gunia. Hakumtupia nyoka hata jiwe. Baadaye watu walimuuliza kwa nini hakumpiga, akasema alikuwa na kazi moja tu wakati ule, na nyoka hakuwemo ndani yake.

Zuwena alikuwa akilia kwa meno yaliyofungwa. Macho yalikuwa yameshavimba, machozi yanatiririka, na kila baada ya muda mkono wake ulipanda usoni na Bi Mize aliuteremsha. Palikuwa na kata moja ya maji pale ukumbini, ya kutawadhia. Bi Mize aliiinua. Hapo ndipo Zuwena alipougeuza uso wake ukutani.

"Mama, nimefunga."

"Najua umefunga. Geuka."

"Maji yataingia puani, Mama. Yatateremka. Nimefunga!"

Bi Mboja alikuwa ameshafika, amekimbia na mwiko mkononi. "Msimtie maji ntoto wa watu, kafunga!" akasema. "Tafuteni maziwa ya mzazi, ndiyo dawa ya swila. Kule kwa wajukuu zangu yuko anayenyonyesha."

"Na maziwa hayateremki?" Bi Mize akauliza.

"Basi limau!"

"Limau katie lako, Mboja."

Naandika haya kwa utulivu, lakini yalisemwa huku sumu ikifanya kazi ndani ya macho ya Zuwena, na sisi wote tulikuwa tunalijua hilo, na wote tulikuwa tumesimama. Alikuwa na umri wa kuolewa, alikuwa anaungua, na alichokuwa akikilinda kwa nguvu zake zote ni siku moja ya saumu, zimebaki saa mbili iadhiniwe. Mimi mwenye daftari nilikuwa na la kusema. Nilijua kuwa maji ndiyo, maji mengi, bila kusita. Lakini nilikuwa nimeshasema mara moja juu ya nyoka yule, na ulimi wangu ulikuwa umekauka kuliko saumu inavyokausha. Ni Bi Mize aliyepiga magoti, akakishika kidevu cha mwanawe kwa vidole viwili.

"Zuwena, nisikilize. Saumu utailipa. Mwezi ukisha, utafunga siku moja, yamekwisha. Jicho utalilipa kwa lipi?"

Zuwena akageuka. Bi Mize akayafumbua macho yale kwa vidole vyake mwenyewe, moja baada ya jingine, akamimina kwa utaratibu kutoka upande wa pua kwenda nje. Kata ikamalizika kabla ya kumaliza jicho la kwanza. "Rukia," akasema bila ya kuinua kichwa. "Maji."

Maji yalikuwa ndani ya pipa, na pipa lilikuwa pembeni mwa banda la jiko, kati ya mlango na lundo. Kutoka ukumbini mpaka pale ni hatua kumi na moja. Nilivuta kanga mpaka nikabaki naona vidole vya miguu yangu tu, nikachukua ndoo, nikaenda. Nilikuwa nasikia makumbi yakichakarika upande wa kushoto, na sikujua kama ni mtu anayeondoka au anayejiweka sawa. Ndoo ilikuwa inagonga pipa, na niliogopa kuwa mlio ule utamkasirisha. Nilijaza, nikarudi kinyumenyume, nusu ya maji yakinimwagikia. Bi Mize akamimina. "Tena." Nikaenda tena. Safari ya pili nilimkuta Mzee Faki amesimama uani na upondo mrefu, na usoni amevaa miwani ya kuzamia ya mwanawe mvuvi wa pweza, kioo kikubwa cha duara kilichofunika mpaka pua. Kwa wakati wowote mwingine ningecheka mwaka mzima. "Pita huku kwangu," akanambia kwa sauti ya puani, "miye nnamtazama. Hajatoka. Pita taratibu." Safari ya nne akanambia: "Kashatoka. Kashika njia ya migombani." Hakumfuata. Na mimi nilitamani angemuua, kwa sababu nyoka aliyekufa unajua alipo.

Tulimaliza pipa. Kisha tukapata gari ndogo iliyopakia magunia, ikatuteremsha hospitali Chake, Zuwena amelala mapajani mwa mama yake na kitambaa kilicholowa usoni. Daktari alikuwa kijana, amechoka, naye midomo yake imekauka kama yetu.

"Mmemtia nini?" akauliza.

"Maji," akasema Bi Mize.

"Na nini kingine?"

"Maji."

"Limau? Asali? Maziwa? Semeni tu, sitagomba."

"Maji, mwanangu. Pipa zima."

Daktari akavuta beseni karibu. "Mngekuja na kingine chochote ningekuwa na kazi ngumu zaidi," akasema, akaanza kumwosha upya. Alimtia dawa, akayafunga macho yote mawili kwa pamba na bendeji, akasema tungoje siku tatu. La kulia ana matumaini. La kushoto hataki kusema. Kisha, akiwa anaandika, akauliza kama kwa kupitisha wakati: "Nyoka mwenyewe mlikuwa mmeshamuona kabla ya leo?"

Bi Mize akanigeukia mimi. Sijui kwa nini mimi. Labda kwa sababu ya daftari. Nilifungua mdomo, na kutoka kitandani, chini ya bendeji, Zuwena akasema: "Hatujamuona." Nikaufunga mdomo. Nilitazama miguu yangu, ambayo bado ilikuwa na unga wa nazi uliokauka kati ya vidole, na nilishukuru kwamba yule pekee anayejua hawezi kuniona.

Zuwena alikataa vidonge vya maumivu. Maji ya macho, alimwambia muuguzi, yalitiwa na mama yake, na kama yameteremka ni hesabu ya Mungu. Vidonge atavimeza mwenyewe, na hatavimeza kabla ya adhana. Akalala pale akisaga meno, na kila baada ya dakika chache akauliza: "Wameshaadhini?" Tulikuwa na dirisha, na sisi tuliona jua linavyoshuka juu ya mapaa ya mabati, yeye hana. "Bado," Bi Mize alikuwa akimjibu. "Bado, mwanangu." Kisha ikaadhiniwa, naye alikuwa wa mwanzo kuisikia. Nilitumwa nje kutafuta uji. Niliporudi nilimkuta Bi Mize anamlisha tende, anaitoa kokwa kwanza, anampangusa midomo kwa kidole, na wote wawili wamenyamaza ghafla. Nilidhani wamenyamaza kwa uchovu.

Zile siku tatu nilizikaa katika kiti cha mbao karibu na miguu ya Zuwena, na siijui hofu nyingine inayofanana na ile. Ya nyoka ina umbo, unaikimbia. Hii ilikuwa imefungwa kwa bendeji nyeupe mbele yangu. Bi Mboja alikuja na kikapu cha vyakula na kunong'ona kwake, ambako kulisikika mpaka wodi ya pili. "Na yule mposaji? Atamtaka hivi?" Mposaji mwenyewe alikuja siku ya pili, mwalimu mwembamba mwenye mfuko wa machungwa, akasimama mlangoni, akakohoa. "Zuwena," akasema kwa sauti kubwa, "unanisikia?"

"Kwani nimeumwa masikio?" Zuwena akajibu.

Akacheka mwenyewe, yule bwana, akakaa, akamenya chungwa ambalo hakuna aliyeweza kulila mchana ule. Alikaa mpaka likakauka mkononi mwake. Nilijua hapo kwamba harusi itakuwepo, na badala ya kupoa nilizidi kuogopa, kwa sababu sasa alikuwa na mtu wa kumtazama.

Daktari alifungua bendeji asubuhi, baada ya kufunga pazia. Jicho la kulia lilifumbuka jekundu, likalowa, likazunguka chumbani, likamkuta Bi Mize. "Mama, umekonda," akasema Zuwena. Bi Mize, ambaye hakulia mbele ya swila, akakaa chini sakafuni. La kushoto lilichukua muda. Zuwena alisema anatuona, lakini kama kupitia kanga iliyolowa. Ukungu ule ulipungua kwa miezi, ukabakisha doa. Daktari alisema bila ya maji yale yangekwenda yote mawili, na ustadhi wa Ole akasema baadaye kuwa maji ya jichoni hayafunguzi, kwa hiyo Zuwena hakuwa na siku ya kulipa. Alikasirika sana. "Na ukelele wote ule," akasema.

Lundo lilihamishwa siku iliyofuata kurudi kwetu, na mbebaji nilikuwa mimi, kumbi moja moja, kwa fimbo na miwani ya Mzee Faki usoni. Ndani yake tulikuta viota vya panya na maganda ya mayai. Kuku walitolewa chini ya kitanda wakajengewa banda mbali. Chumba cha mpunga kilifagiliwa na matundu yake yakazibwa. Swila hakuonekana tena, na kwa miezi yote iliyobaki ya mwaka ule sikukaa chooni, sikuvaa kiatu, sikuchukua mchi wala mkeka bila ya kumuona mawazoni. Matokeo yangu yalitoka. Bayolojia nilipata alama nzuri.

Bi Mize hakuniuliza chochote. Lakini mara nyingi tukiwa peke yetu, tunachambua karafuu au tunakaanga samaki, alikuwa na desturi ya kusita, kuniangalia na kusema: "Una neno, Rukia?" Nami nikasema sina. Niliondoka Ole mwisho wa mwaka. Nilisoma, nikaajiriwa, nikaanza kuandika. Nilirudi kumwona takriban kila mwaka, na zawadi za kupita kiasi: kanga, mazulia, mashine ya kusagia ambayo hakuitumia. Tulikaa, tukala, tukazungumza habari za watu. Aliniuliza kama nina neno, nikamwambia sina, Mama Mkubwa, ni salama tu. Kisha nikaenda zangu.

Baada ya hitima, wageni walipopungua, tulibaki mimi na Zuwena uani tunaosha masufuria. Watoto wake, wakubwa sasa, walikuwa wanakunja mikeka. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba; mimi huandaa hotuba kwa kila kitu. Iliyotoka ilikuwa fupi.

"Sikumwambia Mama Mkubwa," nikasema.

"Hukumwambia nini?"

"Kwamba nilimuona yule nyoka. Kwamba nilikwambia hana neno."

Zuwena alilikosha sufuria mpaka mwisho, akalipindua juu ya jiwe.

"Nilimwambia miye," akasema. "Siku ile ile hospitali, ulipokwenda kutafuta uji."

Nikamuuliza mama yake alisema nini.

"Alisema nisikwambie kuwa anajua. Alisema, 'Mwache, atasema mwenyewe.'" Akachukua sufuria jingine. "Basi kila ukija hapa, ukishaondoka tu, nnamuuliza: kasema? Ananambia: bado. Tukawa tunacheka wakati mwingine. Mara hii ya mwisho, ulipokuja na lile zulia, nilimuuliza tena."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Bado. Lakini leo alikaa sana.'"